Routa ndogo iliyotenga wageni, ofisi na kamera za lodji yetu Shangani: uzoefu wangu

Msimu wa korosho uliopita mgeni wa chumba namba 9 alikuja mapokezi, simu mkononi. "Dada, hii si korido yenu?" Ilikuwa ndiyo yenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye kamera yetu, na mama mmoja anapita na khanga yake akitoka kuoga. Kijana wa watu hakuwa na nia mbaya. Alipakua programu ya kamera kwa ajili ya nyumbani kwake, ikazikuta zetu kwenye Wi-Fi. Nilishikwa na aibu ambayo sijaisahau.

Lodji ina vyumba 14, hapa Shangani, Mtwara, na kila kitu kilikuwa kwenye mtandao mmoja. Fundi akanishauri ninunue routa ya matundu matano na swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha vifaa kwa waya) ya matundu manane inayoweza kupangwa. Zote mbili hazikufika laki nne. Akagawa VLAN tatu, yaani mitandao mitatu iliyotengana ndani ya vifaa vile vile: 10 ya ofisi, 20 ya wageni, 30 ya kamera. Kati ya swichi na routa kuna waya mmoja tu. Kinachopita humo hubandikwa lebo ya baiti 4 yenye namba ya VLAN yake, kwa kanuni ya IEEE 802.1Q, kwa hiyo mitandao mitatu inapita pamoja bila kuchanganyika.

Kutenga kulichukua saa moja. Kazi ilikuja kwenye kuziunganisha tena, maana kompyuta ya mapokezi nayo haikuiona rekoda ya kamera. VLAN mbili hazizungumzi zenyewe. Lazima routa ipokee pakiti, yaani kipande cha data, upande huu na kuitoa upande wa pili. Fundi akaipa routa anwani moja katika kila mtandao: 192.168.10.1, 192.168.20.1 na 192.168.30.1. Hizo ndizo lango la vifaa vya kila upande, yaani mahali vinapopitishia kila kinachokwenda mtandao mwingine.

Tukajaribu. Kamera zikajibu, rekoda kimya. Tulibadilisha waya, tukabadilisha tundu, tukazima na kuwasha, jua likazama. Mwishoni fundi akachomeka skrini kwenye rekoda yenyewe, akafungua ukurasa wa mtandao: mahali pa lango paliandikwa 0.0.0.0. Ombi letu lilikuwa linafika vizuri kabisa, ila rekoda haikujua jibu ilipeleke wapi, kwa sababu sisi sasa tulikuwa mtandao mwingine. Zamani, tukiwa mtandao mmoja, haikuhitaji lango kutujibu. Akaandika 192.168.30.1, picha zikafunguka pale pale. Ukikwama kama sisi, anza kutazama hapo kabla hujang'oa waya.

Na nawaomba wenzangu wenye lodji mlisikie hili: usiku ule ule nilijiunga na Wi-Fi ya wageni, nikaandika anwani ya kamera, na korido ikaonekana tena! Routa ikishazijua VLAN zote tatu, inapitisha kila kitu mpaka uiambie izuie. Nilimpigia fundi, asubuhi akaja kuandika masharti ya ngome (firewall), yaani nani aruhusiwe kupita na nani azuiwe. Ofisi inaweza kuanzisha mazungumzo na kamera, na majibu yanaruhusiwa kurudi. Kamera haziruhusiwi kuanzisha na yeyote. Wageni wanakwenda intaneti, basi. Nilipima mwenyewe, chumba kwa chumba, kabla ya kumlipa.

Kilichopungua ni printa. Iko ofisini, na simu ya mgeni huitafuta kwa kuita mtandao mzima, wito ambao hauvuki routa. Wageni sasa wananitumia faili kwa WhatsApp nami nawachapia. Sioni taabu.

Kasi inanitosha kwa sababu rekoda tuliiacha VLAN moja na kamera, hivyo picha za kurekodi hazipandi kwenye routa kabisa. Zinazopanda ni zile ninazotazama mimi. Kwa hoteli kubwa ningeshauri swichi inayoweza kupitisha data kati ya VLAN yenyewe, bila routa, ila kwa vyumba 14 ni kutupa hela.

Jambo la umeme. Wiki ya kwanza swichi, rekoda na kamera zilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), routa ikasahaulika. Umeme ulipokatika kurekodi kuliendelea, lakini mimi mapokezi sikuona kitu, kwani mpitishaji alikuwa amezimika. Sasa vyote viko kwenye UPS hiyo hiyo, chini ya kaunta.