Ofisi ya jimbo ya kukusanya matunzo ya mtoto Marekani: naipa nyota tatu kati ya tano

Naandikia wazazi wenzangu mnaolea peke yenu huku Marekani na mnaogopa kufungua kesi ya matunzo. Fungueni. Kila jimbo lina ofisi ya kazi hii, mpango wenyewe ulianza na sheria ya 1975, na huhitaji kulipa wakili. Kama hujawahi kupokea TANF (ile hela ya msaada wa serikali kwa familia zenye kipato kidogo) wanaweza kukukata dola 35 kwa mwaka, tena mpaka wawe wamekukusanyia angalau dola 550, kwa hiyo hela isikutishe.

Nyota tatu zote ni za makato ya mshahara. Mwajiri akichukua mtu mpya sheria inamtaka aripoti jina ndani ya siku 20, jina likilingana na la kesi yako barua inaenda kwa mwajiri na hela inakatwa kabla baba hajaiona. Sheria ya federali inaruhusu mpaka asilimia 50 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, kama anatunza mke au mtoto mwingine, 60 kama hana, na 5 juu yake deni likipita wiki 12. Mimi kilichonipa raha ni kwamba sipigi simu tena kuomba, sisikilizi matusi, hela inaingia kwenye kadi basi namlipia mtoto vitu vyake.

Sasa shida ni baba anayelipwa keshi. Hapo ofisi inakua kama imelala, kila ukipiga unapokelewa na karani mwingine unaanza kueleza upya, na wanakwambia tuletee jina la mwajiri wakati ulienda kwao ili wao wamtafute! Mahakamani baba wa mtoto wangu alisimama mbele ya jaji akasema hana kazi, buti zake zina simenti mbichi mpaka kwenye kamba, mi naziona, na jaji akasogeza tarehe. Iliniuma sana jamani.

Wana silaha nyingine lakini. Deni likizidi dola 2,500 ananyimwa paspoti, na refandi ya kodi ya federali (hela ya kodi anayorudishiwa) inakamatwa (mimi ndo ilinifikia hivyo, ila kama amejaza fomu ya kodi pamoja na mke mpya wanaweza kuishikilia mpaka miezi sita). Kufungia leseni ya gari sikubaliani nako, mtu wa kazi za mkono bila gari ataitoa wapi hiyo hela? Na jela isiwe ya kwanza, Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Turner v. Rogers, 2011, ilisema mtu asifungwe kwa deni hili bila kuangaliwa kwanza kama uwezo wa kulipa anao.

Wababa na nyie sikieni, ukipoteza kazi wahi ofisini au mahakamani siku hiyo hiyo uombe kiwango kipunguzwe, usikae ukisubiri mambo yakae sawa, maana tangu 1986 kila awamu ya malipo ikishafika tarehe yake ni deni kamili na jaji hawezi kulipunguza kwa kurudi nyuma. Nimeona watu wazuri wamezama hapo.

Mama unayepokea TANF ujue haki ya zile hela inahamia kwa jimbo, majimbo mengi wewe unaachiwa sehemu tu au huachiwi kitu, na mimi hili naliona ni uonevu kwa mtoto kabisa.

Akihamia jimbo lingine usianze kesi upya, amri ya kwanza inamfuata na hata mwajiri wa huko anaweza kutumiwa barua ya makato. Na ukijua anapofanya kazi usiwaambie kwa simu, andika jina la kampuni, mtaa na siku anazoenda, peleka mwenyewe dirishani udai nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe. Yangu ilianza kusogea baada ya hiyo karatasi.