Kuvu ya kuua wadudu kwenye nyanya zangu za Hombolo: awamu ya kwanza hovyo, ya pili nimekubali

Nilipomwambia mke wangu nimetoa shilingi 38,000 kununua kuvu ya kuua wadudu nikaipige kwenye nyanya, aliniuliza kama jua limenipanda kichwani. Simlaumu. Huku ukungu ndio unaotufilisi. Mtu ananunua dawa ya kuuua, hanunui wa kuupandikiza.

Nalima nusu eka Hombolo, Dodoma, namwagilia kwa mifereji maji ya bwawa. Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie nchini mwaka 2014 tumepiga kila dawa, wengine tunachanganya tatu kwenye bomba moja, na nzi weupe ndio kwanza wanazaana. Msimu uliopita nilikuwa napiga kila baada ya siku nne, na matenga niliyopeleka soko la Majengo hayakurudisha hata hela ya dawa.

Nilichonunua ni unga wa kuvu iitwayo Beauveria bassiana. Mdudu hahitaji kuila. Vijimbegu vyake vinamganda mwilini, vinaota, vinatoboa ngozi na kuenea ndani mpaka anakufa. Hilo bassiana ni la Agostino Bassi, Mwitaliano aliyeonyesha mwaka 1835 kwamba kuvu hii ndiyo iliyokuwa ikiua viwavi wa hariri. Na Tanzania kuua wadudu kwa kuvu si kitu kigeni: mwaka 2009 kuvu nyingine, Metarhizium, ilinyunyiziwa nzige wekundu huko Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi.

Sasa ujinga wangu. Nilipiga saa nne asubuhi, mwezi wa nane, na jua la Dodoma mnalijua. Jana yake nilikuwa nimepiga mankozebu, dawa ya ukungu. Muuzaji naye pakiti alikuwa ameipanga dirishani inapigwa jua, wala hakuniambia lolote. Wiki nzima nikigusa mche, nzi weupe wanapaa kama majivu. Nikampigia bwana shamba, akacheka mpaka nikaudhika. "Kaka, umenunua kiumbe hai, ukakichoma jua, halafu ukakilaza kwenye dawa ya kuua kuvu. Ulitaka kifanye nini?"

Awamu ya pili nilinunua duka jingine, pakiti ikatolewa kwenye friji. Nikaihifadhi kwenye friji ya soda ya jirani, ndani ya mfuko juu ya mfuko. Dawa ya ukungu nikaiweka pembeni. Saa tisa alasiri nafungulia maji mifereji yote ili shamba lipate unyevu, saa kumi na mbili kasoro naanza kupiga, nikielekeza bomba chini ya majani. Nilirudia mara tatu, kila baada ya siku saba.

Siku nne za mwanzo huoni kitu. Hapa ndipo wengi wanaiita feki na kurudi kwenye sumu. Siku ya sita viwavi wale wanaokula majani kwa nje walikuwa wamelegea, hawali. Nilimwokota mmoja aliyekufa, nikamtia kwenye kopo la jemu lenye pamba mbichi. Baada ya siku tatu alikuwa mweupe mwili mzima, kama ametoka mashineni kusaga sembe. Nikampelekea mke wangu ushahidi. Aliniambia nikaule nje.

Nzi weupe walipungua waziwazi, na majani machanga yakaacha kunata. Kantangaze, hapana. Kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani ambako dawa haimfikii, kwa hiyo mitego ya feromoni, ile harufu ya kuvutia madume, bado ninayo na majani yaliyotobolewa nayachuma kwa mkono. Gharama haikutofautiana sana na ya sumu, ila jioni narudi nyumbani kichwa hakigongi.

Kabla ya kulipa, soma lebo: usajili wa TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu), tarehe ya mwisho, na uliza imehifadhiwa wapi. Kama dukani kuna joto la tanuri, achana nayo.

Kwa nyanya za kiangazi nitanunua tena. Kwenye zabibu sijathubutu. Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu kwenye mizabibu, unatulazimisha kupiga dawa za kuvu mara kwa mara, na hizo zitaimaliza kabla haijaota. Jana jirani mwenye friji alikuja saa saba mchana na bomba mgongoni, anadai fungu lake la unga. Nimemwambia arudi jioni.