AGAMOUS na INO: jeni mbili, hasara mbili tofauti

Kwa macho, kuharibika kwa jeni ya AGAMOUS kwenye Arabidopsis, mmea mdogo unaotumika sana katika utafiti wa jeni, ndiko kunakoshtua. Stameni zote sita (sehemu za kiume za ua) hugeuka petali, na mahali pa kapeli (sehemu za kike) huchipua ua jingine, na ndani yake jingine tena. Ua linapendeza kweli, lakini halina chavua wala ovuli (viini vinavyokua kuwa mbegu), kwa hiyo mbegu hakuna.

INO ikiharibika, ua kwa nje huonekana zima. Pasua ovari, sehemu inayobeba ovuli, utazame kwa hadubini: ovuli zimekosa tabaka la nje, zimesimama wima badala ya kujipinda, na mara nyingi hazitoi mbegu. Anayechunguza ovuli, ningemshauri aanze na INO. Kuharibika kwa AGAMOUS huifuta ovuli hata kabla haijaanza kuumbika.