Nimeonja brandi ya XO mjini Cognac kwenyewe: inafaa hela yake?

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na chupa ya VSOP, brandi ya Cognac, Ufaransa, ya daraja la chini ya XO, juu ya kabati la vyombo. Mjomba aliletewa zawadi, akaapa haifunguliwi mpaka ikomae. Imekaa pale miaka kumi na tano ikipigwa na jua la dirishani. Basi nilipopanda treni kutoka Paris hadi Angoulême, nikabadilisha kwenda Cognac kutembelea ghala la kampuni moja ya zamani, swali langu la kwanza lilihusu chupa hiyo. Kijana aliyetutembeza alicheka. Brandi hukomaa ndani ya pipa tu. Ikishatiwa kwenye chupa, umri wake umesimama hapo hapo. Pole, mjomba.

Mtambo wa shaba ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Aliyewahi kuona gongo likipikwa hahitaji maelezo: moto chini, mvuke juu, bomba lililojikunja kwenye maji baridi. Ila wenzetu hupika mara mbili, na mara ya pili kinachotangulia kutoka na kinachochelewa hutengwa, wakabaki na cha katikati chenye kilevi cha asilimia 70 hivi. Mvinyo wanaoanzia, wa zabibu za ugni blanc, ni mchachu na mwepesi, si wa kumkaribisha mgeni. Lita 9 au 10 zake hutoa lita moja.

Ghalani kuta ni nyeusi tii. Ni ukungu unaostawi kwa mvuke wa pombe inayopenya kwenye mapipa ya mwaloni. Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotea hewani, na kinachopotea wao hukiita fungu la malaika. Hapo ndipo nilipoelewa bei. Tangu 2018, brandi changa kuliko zote ndani ya XO lazima iwe imekaa kwenye pipa miaka 10 (zamani ilikuwa 6), na malaika wamekuwa wakinywa muda wote huo.

Kuonja sasa. VSOP ilikuwa tamu, basi. XO nilitumbukiza pua yote glasini kwa pupa, kilevi kikanichoma hadi machozi. Kijana akanionyesha: anzia kidevuni, pandisha glasi polepole. Ikaja zabibu kavu, kisha ganda la chungwa lililokaushwa, kisha harufu ambayo sikuitegemea, kama korosho zilizokaangwa kwenye samli iliyokaa sana. Wafaransa huiita rancio, na brandi changa haina kabisa. Mdomoni ilikuwa laini, na nilipotoka nje dakika kadhaa baadaye ladha ya korosho ilikuwa bado ipo.

Kilichoniudhi: nilipouliza kuhusu karameli, ambayo sheria inaruhusu kutiwa ili kusawazisha rangi, nilijibiwa kwa kuzungushwa. Kwa hiyo msinunue kwa kuangalia weusi wa kinywaji. Na tone la XO tulilopewa lilikuwa la kulowesha ulimi, kisha mlango wa kutokea ukatufikisha moja kwa moja dukani. Nilinunua chupa ndogo. Kubwa ingenilaza njaa.

Usiku nilimpigia mjomba nikamweleza habari ya pipa na chupa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo yako, mwanangu, hujaifungua bado?"