TAHADHARI: Mfunga madiflapu ya pikapu hapa Malindi ni mwizi, msimpelekee gari zenu

Jamani, siku nne nimenyamaza kwa sababu ya aibu, leo nimeshindwa. Nyinyi mnanijua. Mimi ndiye mnayenipigia simu kabla hamjanunua hata tairi ya mkokoteni, mnaniuliza hii nzima au mbovu. Na mimi ndiye niliyeliwa, mchana kweupe, na kijana aliyekuwa akiniita ami kila baada ya maneno mawili.

Habari ya Hilux, pikapu yangu, na trela ninayovuta nayo siirudii, mnaijua. Mzee wa Ngomeni mnamjua, na boti lake mnalijua tangu lilipotoka kupakwa rangi. Kazi ilikuwa kulivuta mpaka Kilifi, na sharti lake lilikuwa moja, alinambia mara mbili akinitazama usoni: pua ya boti isipate hata alama ya jiwe. Ndiyo nikaona niweke madiflapu ya maana kwa nyuma, ile mipira inayoning'inia nyuma ya tairi kuzuia mawe na matope, yale mapana ya gari la kuvuta. Yaliyokuja na gari ni madogo, yanakinga fenda basi. Changarawe hurushwa na tairi za nyuma za pikapu, na anayefuata nyuma ni boti, hana pa kukwepea.

Nilifika kwa huyo mfunga madiflapu Jumatano, kama saa nane u nusu. Hakunikimbilia. Hilo ndilo lililonilainisha mwanzo, maana wauza spea tunawajua, hujazima gari washakushika mkono. Huyu alikuwa amekaa juu ya debe, akanikaribisha kwa salamu kamili, akauliza navuta nini. Nikamwambia boti. Akauliza la mbao au la faiba. Nikasema faiba. Akatikisa kichwa polepole: "Faiba haisamehi jiwe, ami."

Akatoa kipande cha mpira chini ya meza, akaniwekea mkononi. Kizito, unene wake kama kidole changu cha mwisho. Akanambia nikikunje. Nikakikunja mpaka ncha zikakutana, nikakiachia, kikarudi kama kilivyokuwa. Akanambia nibonyeze kwa ukucha. Nikabonyeza, ile alama ikajifuta mbele ya macho yangu. Pale pembeni palipokatwa zilionekana nyuzi za kitambaa, tabaka mbili zimelala ndani ya mpira. Nikasema moyoni, huu ndio wenyewe, huu haupasuki. Kisha akachukua bolti moja, akatoa sumaku iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, akaigusisha. Haikunasa. "Hii haili kutu, ami. Malindi chumvi iko hewani, bolti ya kawaida hata masika moja haimalizi." Nani angebisha hapo? Mabati ya nyumba zetu wenyewe ni mashahidi.

Halafu akakaa kunifundisha, nami nikasikiliza kama mwanachuoni mbele ya mwalimu wake. Akanambia madiflapu ya gari la kuvuta hupimwa trela ikiwa imeshafungwa na mzigo umo, kwa sababu mgongo wa gari huketi chini, na ukipima gari likiwa tupu, ukishafunga trela mpira unaburura barabarani. Akanambia mpira usikaribiane na tairi, uachiwe nafasi, la sivyo siku ya kurudi nyuma tairi litaumeza na kuung'oa. Upande wa bomba la moshi uachiwe kiganja kizima au uwekwe kipande cha bati, moto usiuyeyushe. Na kila bolti lazima iwe na washa pana, ile pete bapa ya chuma, kichwa cha bolti kisije kikapenya mpira ukapasuka kwenye tundu.

Hayo yote ni kweli. Nimemuuliza fundi mwengine baada ya balaa, kayathibitisha moja moja. Ndipo panaponichoma. Mtu huyu kazi anaijua kuliko mafundi wengi wa mji huu, na kila alichonifundisha kwa mdomo ndicho alichokataa kukifanya kwa mkono. Sasa niambieni ningemshuku vipi? Tapeli nimezoea akidanganya. Huyu alikuwa akisema kweli tupu.

Bei alisema 16,500 kwa mipira miwili mipana, vyuma vyake na ufundi. Tukakubaliana 15,000. Elfu kumi nikamtumia kwa M-Pesa pale pale, tano kazi ikiisha. Nikamkumbusha kwamba sikuja na trela, na yeye mwenyewe kasema lazima ipimwe na mzigo. Akasema, "Hilux nishazifunga nyingi, naijua inaketi kiasi gani, niachie mimi." Nikamwachia.

Adhana ya alasiri ikalia. Sikilizeni hapa. Mimi nilikuwa nimeshavuta kijiti nikae nitazame kazi, kama ninavyowaambia nyinyi kila siku: kaa na gari lako. Akanitazama akasema, "Nenda kaswali, ami. Gari halikimbii. Mimi nitaswali hapa hapa nikishamaliza kutoboa." Nikaona aibu. Nikajiona mimi ndiye mtu mbaya, nimekaa kulinda bolti na muadhini anaita. Nikanyanyuka, nikampa hata ufunguo. Mtu ametumia sala ya Mungu kuniondoa ili aniibie! Hili, wallahi, simsamehi, hata pesa akirudisha zote.

Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Mipira inang'aa, nyeusi ti, imepakwa ile dawa ya kung'arisha tairi mpaka harufu yake inakukaba koo. Nikaisukuma kwa kiatu, ikatikisika. Nikachungulia chini, nikaona bolti nyeupe. Yule kijana anapanguza fenda kwa kitambaa, ananambia safari njema. Nikampa elfu tano yake mkononi, nikamuombea na dua. Ule mpira wa mfano niliukunja, nikaubonyeza, nikauchunguza mpaka nyuzi zake. Huu nilioununua sikuugusa hata kwa kidole.

Jumapili alfajiri nikafunga boti Ngomeni. Kile kipande cha vumbi cha kutokea ufuoni nilikwenda mwendo wa kinyonga, na tayari nikasikia kitu kinakwaruza nyuma. Mipira inaburura. Nikajipa moyo, nikasema nikishika lami itatulia. Nilipokaribia daraja la Sabaki harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ndani ya gari. Nikaweka pembeni, nikashuka.

Upande wa bomba la moshi ule mpira umeyeyuka, unadondoka kama nta. Mpira gani uyeyuke hivyo? Ni plastiki. Nikaushika kwa mara ya kwanza: mwepesi, mgumu, hauna uzi hata mmoja, na jua la siku tatu limeshaukunja kingo kama ng'onda. Upande wa pili haukuwepo kabisa. Zimebaki bolti mbili kwenye chuma, zimeshika vijipande viwili vya plastiki vya ukubwa wa sarafu. Washa hakuna. Kichwa cha bolti kimepenya vilevile alivyonieleza kuwa kitapenya.

Nikaenda kutazama boti. Miguu iliniisha nguvu. Pua yote imedonolewa. Nimehesabu alama ishirini na tatu nikaacha kuhesabu. Nyingine zimebandua rangi tu, nyingine zimevunja ile ngozi ya juu ya faiba, unaona nyuzi nyeupe ndani. Na nyuzi za faiba zikishaonekana, maji ya chumvi yanaingia, ndiyo maana kulitengeneza hakuwezi kungoja. Nilikaa chini pale kando ya barabara, mto unapita mwekundu na udongo wa bara, magari yananipita, na simu ya mzee inalia. Sikuipokea. Mimi, simu ya yule mzee, sikuipokea.

Kutengeneza ni 38,000, nalipa mimi, nusu nimeshatoa. Kwa watoto wa shule mnajua hali ilivyo mwezi huu. Mzee hakunifokea hata neno, na afadhali angenifokea.

Nilipofika Kilifi trafiki akanisimamisha, taa za breki za trela haziwaki. Kumbe alipotoboa fenda alipitisha drili kwenye waya. Na yale matundu kayaacha wazi bila hata rangi, kutu imeshaanza kuota.

Jumatatu nikamwendea. Debe lipo, meza ipo, yeye hayupo. Majirani wanasema pale anapangisha kwa siku, leo yuko kesho hayuko, na mimi si wa kwanza kuja na uso huu. Si wa kwanza! Basi mbona hamkusema? Watu watatu wameniambia "na mimi pia" baada ya mimi kusema. Mmoja alifungiwa kwenye Probox, mmoja kwenye kanta ya kubebea chumvi Gongoni. Wote walinyamaza kwa aibu kama nilivyonyamaza mimi, na aibu yetu ndiyo mtaji wake.

Nambari yake kila nikipiga mteja hapatikani. Jina silitaji hapa kwa sababu hata jina ninalolijua silijui kama ni lake. Ujumbe wa M-Pesa ulikuja na jina la mwanamke, nikamuuliza, akasema laini ya mkewe. Hapo ningesimama. Na risiti hakutoa, alisema kitabu kimeisha. Na ule mpira wa mfano, nikikumbuka sasa, ulikuwa umetobolewa pembeni na kufungwa kwa waya kwenye mguu wa meza, yaani si wa kuuzwa. Dawa ya tairi inayonuka vile, ni ya kuficha. Mengine mtajaza wenyewe, kichwa changu hakijatulia. Sumaku bebeni yenu. Bolti zake nilizozing'oa zinanasa sumaku mpaka unapata kazi kuzibandua. Zimepakwa rangi ya fedha tu, na ukucha unaibandua.

Ninachotaka ni akamatwe. Mpwa wangu anayesomea sheria kanionyesha kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungo mpaka miaka mitatu. Aende miaka mitatu yote, asipunguziwe siku. Ile drili ichukuliwe. Mafundi wa kweli wa Malindi, nyinyi mnaoamka asubuhi mkachoma vyuma kwa jasho lenu, mtoeni huyu kwenye safu yenu, msimpe umeme wala kivuli, kwa sababu kila mteja anayemla yeye ndiye mteja anayewaogopa nyinyi kesho. Na mwenye ile nafasi anayempangisha kwa siku, naye aulizwe. Anajua. Haiwezekani watu wanakuja wanalia mbele ya mlango wake kila wiki asijue. Anayekula kodi ya mwizi naye ni nani?

Wala msimpige. Nimeshasikia vijana wa Maweni wanavyosema, nawaomba msimguse, mkimpiga atakuwa yeye ndiye aliyedhulumiwa. Mkimwona, mtu mmoja abaki naye akimwongelesha habari za tairi, wa pili anipigie mimi.

Vipande vya ile plastiki, bolti nne na ujumbe wa M-Pesa nimeviweka pamoja kwenye mkebe wa maziwa. Kesho saa tatu asubuhi navipeleka kituo cha polisi Malindi kuandikisha. Wale watatu mlioniambia, na yeyote mwengine aliyelizwa naye, njooni na vyenu. Nitakuwa nje ya lango kuanzia saa mbili u nusu.