Maji ya uzazi: kiwango kimoja kwa wote au jedwali la wenyeji?

Upimaji wa maji haya, yanayomzunguka mtoto tumboni, ni uleule: tumbo hugawanywa robo nne, proba ya ultrasaundi husimama wima, sambamba na uti wa mgongo wa mama, kisha kina cha mfuko mkubwa wa maji wa kila robo hujumlishwa. Ukikandamiza proba, jumla hushuka kwa uongo. Ubishi uko kwenye kusoma namba.

Kiwango kimoja (chini ya sentimita 5 ni maji machache, zaidi ya 24 ni mengi) hakina gharama wala hakihitaji umri wa mimba. Kasoro yake ni kwamba maji hubadilika wiki hadi wiki. Katika jedwali la watafiti Moore na Cayle la 1990, lililotokana na wajawazito 791 wa California, wajawazito 5 kati ya 100 wako chini ya 7.7 wiki ya 36, na chini ya 7.1 wiki ya 40. Mwenye 6.5 wiki ya 36 ni mzima kwa kanuni moja, ana upungufu kwa nyingine.

Jedwali la wenyeji, yaani viwango vya kila wiki vilivyopimwa kwa wajawazito wa eneo lenyewe, hushinda hapo, ila ni kazi: mamia ya wajawazito wenye afya, tarehe za mimba zilizothibitishwa mapema. Wenye kisukari wakiingizwa, kikomo cha juu hupanda na maji mengi hayaonekani tena. Tena, kuwa chini ya mstari si ugonjwa. Hao 5 nao walikuwa wazima.

Kama wajawazito wako huja wamechelewa na tarehe ni za kukisia, baki na kiwango kimoja, ukiongeza kipimo cha mfuko mmoja mkubwa (kawaida ni sentimita 2 hadi 8), ambacho huwapunguzia wengi kuanzishiwa uchungu bila sababu. Kama umri wa mimba zao hupimwa kabla ya wiki ya 14, tumia jedwali.