Google Sheets kwa mhazini wa kanisa, naipa nyota nne

Mimi ni mhazini wa usharika mmoja wa KKKT hapa Dar, si mkubwa, na hesabu za sadaka nimeshazitoa kwenye kaunta buku nikaziweka Google Sheets, programu ya majedwali ya hesabu, kwenye simu. Ni ya bure na ukiiseti mapema inafanya kazi hata bando likikata.

Utamu wake uko kwenye kuhesabu. Baada ya ibada wazee wawili wanapanga noti mezani, mimi naingiza idadi tu, za elfu kumi ngapi, za tano, za mbili, mabuku, halafu sarafu kuanzia jero, kolamu ya pembeni inazidisha yenyewe na chini jumla inatoka. Zamani mmoja anasoma mwingine anabonyeza kalkuleta, mtu akiingia kuwasalimia tu mnaanza upya. Sadaka za lipa namba zipe kolamu yake jamani, ukizichanganya na keshi kikapu hakilingani na karatasi na watu wanaanza kuangaliana vibaya.

Sasa kwenye bajeti ndo muwe makini maana programu inajumlisha tu, akili ni yako. Chukua mfano huu, Jumapili tatu mmepata 520,000, 540,000 na 500,000, ya nne ikawa ya mavuno mkapata 1,840,000. Ukiandika AVERAGE, yaani wastani, inakuletea 850,000 na kamati inashangilia, wakati hakuna Jumapili ya kawaida hata moja iliyofika hapo!! Andika MEDIAN, inakupa namba ya katikati, 530,000, hiyo ndo ya kulipia umeme na posho ya mlinzi. Ya mavuno ipelekeni kwenye jengo, msiizoee.

Halafu kuna hii ya kuzidisha Jumapili nne mara miezi 12, unapata 48 wakati mwaka una 52. Kwa laki sita kila Jumapili hiyo ni 2,400,000 haipo kwenye makadirio, ila msikimbilie kuitumia kwa sababu Desemba nusu ya washarika wako Moshi na Januari ni ada za shule, mnajua wenyewe.

Angalizo moja, msaidizi wako akiandika 45,000/= badala ya 45000 ile seli, yaani kile kisanduku, inageuka maandishi na SUM, ile ya kujumlisha, inairuka kimya kimya, hailalamiki. Dalili yake namba inakaa kushoto wakati wenzake wako kulia, kwa hiyo pitisha macho kwanza kabla hujamtumia mchungaji.

Nyota moja nakata kwa sababu kwenye simu ya kioo kidogo kolamu zikizidi sita ni kusogeza kulia kushoto mpaka unachoka, na wazee wetu wengine macho hayaruhusu. Ndo maana kaunta buku bado lipo, jumla inaandikwa humo kwa peni na wale wawili waliohesabu wanasaini kabla hela haijaenda benki.